Kapu la Bibi: Hela ya kiinua mgongo ya baba ilienda wapi?

Wapendwa wangu, toleo lililopita niligusia kidogo tu jinsi nilivyoanza kuuza barafu za ukwaju baada ya kupunguzwa kazini, mistari mitatu haizidi, wala sikutegemea kama ingewagusa watu namna ile. Kapu limejaa. Wengi mlioandika ni watoto wa waliokuwa wafanyakazi wa mashirika ya umma, mnataka kujua wazazi wenu walipita wapi, na wengine naona mna hasira nao kabisa. Siwezi kuwajibu wote, ila hawa wachache maswali yao nimetembea nayo wiki nzima, hata nikilala nayawaza.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni kijana wa miaka 24 niko Tabata. Kwetu kila siku ya sikukuu lazima baba na mjomba wagombane. Baba anasema enzi za Mwalimu vitu vilikuwa rahisi, kazi zipo, shule bure, dawa bure. Mjomba anasema enzi hizohizo walifulia nguo kwa majani ya mpapai na kula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Sasa nani anasema kweli maana hawawezi kuwa wote wawili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wanaweza, na wote wanasema kweli. Siku nyingine wakianza waulize hivi, kila mmoja anaongelea mwaka gani na wakati huo alikuwa anaishi wapi, utaona ugomvi unapoa wenyewe. Naona baba yako anaongelea 1972 huko na mjomba anaongelea 1982, na hiyo miaka kumi hapo katikati mwanangu ilikuwa mirefu.

Bei zilikuwa rahisi ni kweli, kulikuwa na Tume ya Bei tangu 1973 inapanga bei ya vitu vingi sana, dukani ukienda bei unaijua kabla hujafika. Lakini mafuta yakapanda duniani, ukame, vita ya Kagera 1978 mpaka 1979 ikala pesa za kigeni, viwanda vikawa vinasimama kwa kukosa spea tu, mashine nzima imelala kwa ajili ya mkanda mmoja. Hapo ndo ukawa na bei nzuri ya kitu ambacho hakipo. Sukari ilikuwa inapitia kwa balozi wa nyumba kumi, anaandika majina, mna watu wangapi nyumbani, mnapewa kilo mbili, siku nyingine moja, siku nyingine mnaambiwa gari halijafika. Foleni ya duka la ushirika tulikuwa tunaipanga kwa mawe. Unaamka saa tisa usiku unaweka jiwe lako, kila mtu anajua jiwe lake, mimi langu lilikuwa na mstari mweupe, halafu unarudi kumnyonyesha mtoto ndo unakuja tena alfajiri kusimama kwenye nafasi ya jiwe.

Na sabuni, hapo mjomba yuko sahihi kabisa. Mche mmoja wa sabuni tulikuwa tunakata wanne, majirani wanne, hatukati kwa kisu maana kisu kinamega vipande vinaanguka, tunakata kwa uzi. Mmoja anashika mche, mwingine anazungusha uzi anauvuta taratibu, na yale makombo madogo yaliyobaki kwenye sahani anachukua mwenye kichanga. Nikiona leo sabuni imeachwa bafuni inayeyuka kwenye maji naumia mpaka leo.

Halafu ikaja 1983, msako wa wahujumu uchumi. Watu walikuwa wameficha mali kweli, ila na mtu mwenye kitenge cha ziada na mifuko miwili ya sukari naye akaogopa, kuna waliotupa vitu baharini na porini usiku. Bajeti ya 1984 ndo serikali ikaruhusu mwenye pesa zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi, mwaka unaofuata akaingia Mzee Mwinyi, ndo huyo tunamwita Mzee Ruksa, na 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola moja ikatoka kama shilingi 17 mpaka 40 kwa mkupuo. Sabuni zikajaa madukani, za kunukia, za rangi, niliingia duka moja Kariakoo nikasimama tu naangalia. Sikununua. Mshahara wa mwezi ulikuwa unafika siku ya kumi umekwisha. Kwa hiyo baba yako anakumbuka mshahara uliokuwa unatosha, mjomba anakumbuka duka tupu, na mimi nakumbuka vyote viwili.

SWALI: Shikamoo bibi yetu. Naandika kutoka Morogoro. Baba yetu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja hapa mjini, alifanya kazi miaka 21, kiwanda kikafungwa miaka ya tisini akapewa kiinua mgongo. Hela yote akanunua Hiace ya mtumba afanye biashara ya abiria, haikumaliza mwaka ikafa. Mama ndo alitusomesha sote watano kwa kukaanga vitumbua na kuuza maharage ya kuchemsha. Sasa hivi baba ni mzee, kaka zangu wakija nyumbani wanamsema mbele ya wajukuu kwamba alikula hela, kwamba mama asiyesoma alijua biashara kuliko yeye fundi. Baba anakaa kimya anaangalia chini. Mimi naumia bibi, lakini na mimi moyoni najiuliza ile hela ilienda wapi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili swali nililisoma nikaliweka, nikalichukua tena, kwa sababu na mimi jina langu lilikuwa kwenye orodha.

Nilikuwa karani wa stoo kwenye shirika moja la umma, mwaka 1994, siku ya Ijumaa. Orodha ilibandikwa kwenye mbao ya matangazo karibu na geti, imepigwa taipu, jina langu lilikuwa namba 37 na walikuwa wamekosea herufi moja. Unajua kitu cha kwanza nilichofikiria? Nilifikiria labda sio mimi, labda kuna mwingine mwenye jina linalofanana na la kwangu. Nikasimama pale nasoma ile herufi. Pembeni yangu kulikuwa na mzee wa karakana, mtu aliyekuwa anatengeneza kitu chochote ukimletea, akawa anapitisha kidole kwenye karatasi kutoka juu kwenda chini, akafika jina lake, akaendelea kushuka mpaka mwisho, akarudi juu akaanza upya. Hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa tumesikia mashirika yatarekebishwa, ile Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilishaundwa, mashirika karibu 400 nchi nzima, lakini kusikia na kuona jina lako ni vitu viwili.

Sasa hela. Fikiria mji kama Morogoro, viwanda vya viatu, ngozi, turubai, nguo, vyote vimejengwa na serikali na vyote vikaanza kuyumba miaka hiyohiyo. Mamia ya watu wanapata kiinua mgongo ndani ya muda mfupi, kila mtu na hundi yake, kila mtu anaulizana na mwenzake ufanye nini, na majibu ni matatu: gari la abiria, mashine ya kusaga, duka. Magari yakawa mengi kuliko abiria na bei ya spea ikapanda kwa sababu kila mtu anazitafuta, wauza magari mabovu wakajua wapi kwa kuyapeleka. Baba yako ni fundi mitambo, gari alilijua vizuri tu, ila hakuna aliyewahi kumfundisha kupiga hesabu ya njia, faini, kondakta, tairi na siku ambazo gari halijatoka. Angejifunzia wapi? Mtu ameajiriwa miaka 21 na muda wote huo redioni na mikutanoni neno mfanyabiashara linatajwa pamoja na mlanguzi na mnyonyaji. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kuwa na nyumba ya kupangisha, kupokea mishahara miwili, na wafanyakazi wa chini hata kama halikuwabana wao tuliliamini, mimi niliamini na sioni aibu kulisema. Halafu Februari 1991 Halmashauri Kuu ya chama tawala, CCM, inakaa Zanzibar inalegeza yale masharti, watu wengi wakubwa walianza kujenga na kununua hisa hapohapo, sisi huku chini tukaja kupata habari kamili wakati tayari tunasoma majina getini. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo. Biashara kuruhusiwa ilikuwa sawa kabisa, ila kuna waliopewa muda wa kujiandaa na kuna waliopewa hundi.

Na mama yako je? Muulize alianza lini vitumbua. Muulize vizuri, mwaka. Naweza kukuhakikishia atakwambia alianza kabla kiwanda hakijafungwa, pengine 1983, 1984, mshahara wa baba ulipoanza kutotosha. Ndo ilivyokuwa kwa wanawake wengi wa mjini. Tulikuwa tunaita miradi, huyu anafuga kuku, huyu anapika maandazi, mwingine anashona, mpaka kwenye majumba ya wakubwa Oysterbay kulikuwa na ng'ombe na mabanda ya kuku, mshahara ulikuwa umebaki jina tu. Na haikuwa salama, 1983 hiyohiyo kukatoka sheria ya nguvu kazi, askari wanazunguka, ukikutwa na sinia barabarani huna kitambulisho cha kazi unapakiwa unapelekwa kijijini ukalime. Mama aliyekuwa anauza maharage siku hizo alijifunza kufunga sinia na kanga akakimbia, alijua nani anakopa na analipa na nani anakopa na kuhama njia, tena alikuwa kwenye mchezo na wenzake, kila wiki wanachangiana anapewa mmoja. Kwa hiyo siku baba anakabidhiwa hundi, mama alikuwa na miaka kumi kazini kwenye biashara na baba alikuwa na siku moja. Kaka zako wanawalinganisha kama walianza pamoja. Hawakuanza pamoja.

Mimi mwenyewe yaliyonikuta nikwambie. Nilinunua friji kukuu, jeupe, mlango wake unafungwa na mpira wa baiskeli. Nilichemsha ukwaju na sukari, nikafunga kwenye vipakiti, kila kipakiti fundo moja, jioni vidole vimekunjamana kwa maji. Wiki mbili biashara nzuri sana watoto wa shule wanapanga mstari dirishani, wiki ya tatu mgao wa umeme ukakaza, mnakumbuka 1994 bwawa la umeme la Mtera maji yalishuka sana, umeme unakatika asubuhi unarudi usiku. Nilifungua friji mchana nikakuta vipakiti 200 vimekuwa uji wa moto. Niliwaita watoto wa mtaa wakanywa bure. Kiinua mgongo changu nusu yake kiliishia kwenye friji na ukwaju. Mwaka uleule mwanangu alilazwa, na hospitali za serikali zilikuwa zimeshaanza kuchangisha tangu 1993, nusu ya pili ikaenda huko. Mtu akiniuliza leo hela ilienda wapi namwonyesha mtoto wangu, yuko hai ana watoto watatu.

Na baba yako mna uhakika gani kwamba yote iliingia kwenye Hiace? Miaka hiyo ada za shule zilikuwa zimerudi, nauli, dawa, ndugu wa kijijini wamesikia mwenzao kapata hela. Kaa naye wewe peke yako, kaka zako wakiwa hawapo. Usianze na hela. Muulize siku ile orodha ilipotoka ilikuwa saa ngapi na alirudije nyumbani, kwa miguu au kwa basi. Mwache aongee atakavyo, hata kama ni masaa matatu. Halafu kaka zako uwaite mbele ya mjomba au mzee mwingine wanayemheshimu, uwaambie wakitaka kusema habari za Hiace wazisemee huko, wajukuu wasisikie tena. Mama naye ashirikishwe maana naamini hapendi mume wake anavyosemwa kwa jina lake.

SWALI: Habari za saa hizi bibi, mimi mwanafunzi Dodoma, nasikia jina daladala limetokana na dola ya Marekani, ni kweli?

JIBU: Nzuri mjukuu wangu. Limepitia kwenye dola lakini sio dola yenyewe. Sarafu yetu ya shilingi tano mtaani tuliiita dala, kutoka neno dola. Usafiri wa Dar ulikuwa wa shirika la umma, UDA, mabasi yakawa machache watu wananing'inia milangoni, kukawa na magari ya wizi, yaani yanabeba abiria bila ruhusa, mengine ya wazi nyuma yana mabenchi mmekaa mnatazamana, tunayaita chai maharage, polisi wakitokea mnaambiwa semeni sisi ni ndugu tunaenda msibani. 1983 ndo watu binafsi wakaruhusiwa rasmi, nauli dala, makonda wanaita dala, dala, dala. Basi.

SWALI: Bibi shikamoo. Nauza mitumba Mwanza mwaka wa 16 sasa, nimejenga kwa mitumba. Juzi kwenye harusi mzee mmoja akaniambia sisi wauza mitumba ndo tuliua Mwatex na viwanda vyote vya nguo, watu wakacheka lakini mimi imeniuma, nikashindwa hata kula. Ni kweli tuliua viwanda?

JIBU: Marahaba, na pole. Hapana, ila sitakudanganya kwamba mitumba haihusiki kabisa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, kulikuwa na Mwatex kwenu, Mutex kule Musoma, na vingine, na kwa kweli tulijivunia, kanga ya Urafiki ukiivaa unaringa. Lakini mitumba haijaanza kumiminika viwanda vilishakuwa wagonjwa, naongelea mwanzoni mwa miaka ya themanini, spea hakuna, umeme hakuna, rangi hakuna, mkulima wa pamba kalipwa kwa kuchelewa kaamua kulima kitu kingine, na kiwanda kinaendelea kulipa watu kwa sababu ni cha umma. Miaka hiyo mtu akisafiri kijijini anabeba nguo kama zawadi kubwa kuliko pesa. Mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi baada ya 1984, tuliita kafa Ulaya, watu walikuwa wanatoa lebo kwanza wasijulikane, lakini tulivaa, mimi koti langu la kwanza la mvua lilitoka Manzese kwenye fungu lililomwagwa chini na lilinikaa kama nimeshonewa. Aliyekuwa hajapata nguo miaka mitano akapata.

Kilichofuata ndo kibaya, kiwanda kigonjwa kikaachwa kishindane na shati lililokuja kwa bei ya kutupa pamoja na kitenge cha nje, ndani ya miaka michache, bila mtaji mpya. Hapo ndo viwanda vingi vilikufa. Uamuzi ule haukufanywa na muuza mitumba wa Mwanza, na kuna mafundi wengi tu waliofungiwa viwanda wakaja kuwa wauza mitumba wenyewe kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine. Jambo ambalo mzee wa harusini angelisema ningemuunga mkono ni hili la pamba, tunalima wenyewe huko Kanda ya Ziwa na sehemu kubwa mpaka leo inaondoka ghafi, halafu nguo tunanunua. Wewe endelea na kazi yako, na ukimwona tena muulize yeye amevaa nini siku ile ya harusi, sio kwa ubaya, muongee tu.

SWALI: Shikamoo bibi. Niko Tanga. Mzee wangu alikuwa kwenye shamba moja la mkonge toka 1979 mpaka 1995 walipopunguzwa. Juzi tunahamisha kabati tumekuta kadi yake ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na barua ya kuachishwa kazi. Hakumbuki kama aliwahi kuchukua hela yake ya NPF, kumbukumbu zimepungua. Je inawezekana ipo au ndo imepotea na NPF yenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu. NPF haikupotea, 1997 ilitungiwa sheria mpya ikawa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na wanachama wake wakahamia huko na michango yao. Usichanganye na PPF, huo ulikuwa mfuko wa pensheni wa mashirika ya umma na 2018 uliunganishwa na mifuko mingine ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kwa hiyo wakikwambia jina lake halipo sehemu moja kaulize na nyingine kabla hujakata tamaa. Sitakuahidi kwamba hela ipo. Wengi waliopunguzwa miaka ile walichukua michango yao palepale, na wengine waajiri walikata kwenye mshahara wasipeleke, yaani wewe unaona makato kwenye karatasi ya mshahara miaka yote na kule hakijafika kitu.

Lakini nenda. Kwanza usihangaike na ile kadi juani kuipiga picha ukaikunja, iweke kwenye bahasha ngumu, toa kopi mbili za kadi na mbili za barua, halisi usimwachie mtu. Angalia namba ya uanachama kama inasomeka, kama imefifia iandike sasa hivi kwenye daftari. Linganisha jina la kwenye kadi na la kitambulisho cha taifa, wazee wetu wengi waliandikwa na makarani, na nasema hivi nikiwa niliwahi kuwa karani, herufi moja inaweza kumzungusha mtu mwezi mzima, kama majina yanatofautiana uliza pale pale wanataka uthibitisho gani. Tafuta mzee mmoja au wawili aliofanya nao kazi shambani, waulize wao walilipwa lini na wapi, hiyo itakupa mwanga kuliko kitu kingine chochote. Na mzee mwenyewe mpeleke, hata kama hakumbuki vizuri, mvalishe vizuri, abebe barua yake mwenyewe mkononi. Nenda asubuhi kabla hakujajaa, na ukishapata jibu, lolote litakalokuwa, niandikie.